Kupe Huyu Alelewa na Nani?

Lugha yetu iliwatenga kupe na papasi zamani sana, kabla kitabu chochote cha elimu ya viumbe hawa hakijafunguliwa katika visiwa vya Unguja na Pemba. Kupe ni yule anayeng'ang'ania ngozi ya mnyama siku baada ya siku mpaka akavimba akafanana na mbegu ya mbarika. Papasi ni yule akaaye katika nyufa za kuta za udongo na chini ya matendegu ya kitanda, akatoka usiku kumnyonya aliyelala, akashiba kwa muda mfupi na kurejea mafichoni kabla hakujapambazuka, akamwachia mtu homa inayoondoka na kurudi, ile homa ya papasi ambayo Dutton na Todd waliithibitishia asili yake huko Kongo mwaka 1905, na Dutton mwenyewe akafa nayo mwaka huo huo. Wataalamu walipokaa kuwapanga viumbe hawa kwa nasaba zao waliwagawa katika jamaa mbili kubwa, wenye ngao ngumu mgongoni na wasiokuwa nayo, na mpaka waliouchora ukapita pale pale ulipopita mpaka wa Waswahili.

Natanguliza sifa hiyo ya lugha kwa kuwa nina lalamiko juu ya majina tuliyoyatunga baadaye. Baada ya hatua ile njema tulisita, na tangu hapo tumezoea kumwita kupe kwa jina la mnyama tuliyemkuta juu yake, kupe wa ng'ombe, kupe wa mbuzi, kupe wa mbwa, kana kwamba mahali alipoonekana msafiri ndipo lazima pawe kwao. Mimi sehemu kubwa ya umri wangu imepita katika mashamba ya Unguja na vijiji vya Pemba, na mkoba wa vichupa vya spiriti, kibano na kioo cha kukuzia, na hoja yangu ni hii: mnyama aliyekutwa na kupe na mnyama anayemlea kupe aghalabu ni wawili mbalimbali, na mfugaji asiyewatenga atanunua dawa nyingi, ataogesha mifugo mwaka mzima, na bado atazika ndama.

Kupe mwenye ngao hupita vipindi vitatu baada ya kutoka katika yai. Kwanza huwa lava, mfano wa chembe ya mchanga, mwenye miguu sita tu. Akishiba damu hujivua gamba akawa tunutu wa miguu minane. Tunutu naye akishiba hujivua tena, akatoka kupe mpevu, dume au jike. Sasa wako kupe, kama wale wa buluu, wasioshuka kabisa: hupanda ng'ombe wangali lava, hubadilika humo humo mwilini, na baada ya majuma kama matatu jike huanguka ameshiba ili akatage. Wako wengine, kama yule wa miguu myekundu, wanaomaliza vipindi viwili kwa mnyama mmoja kisha wakatafuta wa pili. Na wako wale ambao visiwani petu hutusumbua kuliko wote, kupe wa kahawia wa masikio na kupe wa madoa, ambao hushuka kila washibapo, wakajivua gamba majanini, wakapanda mnyama mwingine. Kupe wa namna hiyo huwa na wenyeji watatu katika uhai wake, wala si lazima watatu hao wawe wa jinsi moja: anaweza kumnyonya kanga utotoni, mbwa ujanani na ng'ombe ukubwani, na sehemu iliyo kubwa mno ya umri wake hayuko juu ya mnyama yeyote, bali yuko chini katika nyasi, amejisitiri na jua, anangoja.

Hayo niliyasoma katika vitabu, lakini nilikuja kuyaamini kwa kosa langu mwenyewe. Katika siku zangu za mwanzo kazini nilifika kijiji kimoja cha pwani ya mashariki ya Unguja, mahali ambapo shamba linakoma na uwanda wa mawe na vichaka unaanza, na juu ya mbwa wa msasi aliyelala kivulini mwa dau lililopinduliwa nikachuma tunutu tisa waliovimba, rangi ya risasi, baina ya vidole vyake na nyuma ya masikio. Nikaandika daftarini, bila kuwatazama kwa kioo, kupe wa mbwa, nikimkusudia yule wa kahawia ajulikanaye karibu dunia nzima, awezaye kuzaa na kuzalisha vizazi vyake vyote ndani ya banda moja asitoke nje. Saba niliwatia spiriti. Wawili niliwatia hai katika chupa yenye majani makavu na kitambaa kibichi, nikaifunga shashi mdomoni, nikaiweka juu ya rafu. Juma la nne nilipoishika tena nilikuta maganda mawili matupu, meupe, yamepasuka, na juu ya kioo, akipanda kwa miguu yenye pete za rangi hafifu, dume mwenye mgongo wa rangi ya chungwa uliotiwa mistari myeusi, na jike ametulia chini ya jani. Hawakuwa kupe wa mbwa. Walikuwa Amblyomma variegatum, kupe wa madoa, waletao ugonjwa wa maji moyo kwa ng'ombe, mbuzi na kondoo. Na mbwa yule, ambaye hakuna aliyewahi kufikiri kumwogesha, alikuwa akiwalea tunutu wao na kuwarudisha kila jioni kando ya zizi.

Tangu siku hiyo sitamki jina kabla ya kutazama, na kutazama kuna taratibu zake. Taabu ya kwanza ni kwamba jike aliyeshiba, ambaye ndiye anayeonekana na kila mtu na ndiye anayeletwa kwangu mara nyingi, ndiye mgumu kumtambua, kwa kuwa tumbo limemfutia kila alama, na ngao yake, ambayo kwa jike hufunika sehemu ya mbele tu, imebaki kama kofia ndogo juu ya kiriba. Dume ngao yake hufunika mgongo mzima, wala havimbi namna ile. Kwa hiyo namsihi mfugaji aniletee na wale wadogo wakavu walio karibu na jike, hata kama hawamtishi. Kisha naanza na kinywa. Kinywa kirefu, na macho ya mviringo yaliyotuna kama shanga pembezoni mwa ngao, hunipeleka kwa kupe wa madoa. Kinywa kifupi kilichokaa juu ya kitako chenye pembe sita hunipeleka kwa Rhipicephalus, ukoo wenye watu wengi, ambamo yumo kupe wa masikio, yumo wa miguu myekundu, yumo na yule wa mbwa. Kinywa kifupi ambacho papasio zake zimechanua pembeni, na macho hakuna, huwa ni Haemaphysalis. Halafu nampindua chali: mfuo ukipita mbele ya tundu la haja, huyo ni Ixodes, ukipita nyuma yake, ni mmoja wa wengine.

Wagumu kuliko wote ni kupe wa buluu. Pwani ya Afrika Mashariki inawajua wawili, decoloratus aliye wa Afrika na microplus aliyetoka Asia, na kwa macho matupu ni ndugu wa tumbo moja. Lazima mtu amweke jike chini ya hadubini, atafute ule ulimi wenye meno anaojipandia nao ndani ya ngozi, ahesabu safu: tatu kila upande ni decoloratus, nne kila upande ni microplus. Safu hiyo moja si jambo la kujifurahisha wataalamu, kwani wote wawili huleta ugonjwa wa kukojoa damu, lakini microplus hubeba pamoja na kimelea cha kawaida kile kingine kiitwacho Babesia bovis, ambacho kinaua zaidi, na upande wa Tanga ameonekana akimsukuma mwenziwe na kushika mahali pake. Wataalamu waliwatoa kupe hawa katika jenasi yao ya zamani, Boophilus, wakawatia ndani ya Rhipicephalus mwaka 2003, na msomaji wa kitabu kikubwa cha Yeoman na Walker cha mwaka 1967 juu ya kupe wa Tanzania, ambacho mimi hadi leo sijakiacha, hana budi kulikumbuka hilo.

Mahali mwilini pia pana ushahidi. Kupe wa kahawia mpevu hupenda ndani ya sikio la ng'ombe, penye ngozi laini. Yule wa miguu myekundu, akiwa mpevu, hukaa chini ya mkia, ilhali watoto wake hujificha ndani kabisa ya tundu la sikio. Wa buluu hutapakaa ubavuni, shingoni na kwenye lambo. Na kupe wa madoa hushuka kidarini, makwapani, mapajani na kwenye kiwele. Huyu wa mwisho ana desturi moja iliyonistaajabisha nilipoishuhudia: dume hutangulia kupanda, akanyonya siku kadhaa, ndipo hutoa harufu ya kuwaita wenziwe, na majike wakamfuata yeye, wakajipanda pale pale alipo. Ndiyo sababu tunawakuta wamesongamana kundi moja juu ya chuchu moja, na chuchu nyingine ni safi. Ndiyo sababu pia ng'ombe wengi wa maziwa hupoteza chuchu, kwa kuwa kinywa kile kirefu huacha jeraha lenye kina na jeraha hualika usaha.

Sasa niwaendee wenyeji. Wanyama wa visiwa vyetu si wengi, na uchache huo ni neema kwa mtafiti. Unguja iliungana na bara katika zama za barafu, bahari iliposhuka, na mlango wa bahari uliopo kati yake na Bagamoyo hata leo ni wa maji haba. Pemba imezungukwa na kilindi, na kutengana kwake ni kwa zamani zaidi. Kwa hiyo Unguja ina kima punju, ina paa nunga ambaye Oldfield Thomas alimpa mwaka 1918 jina la Dakta Aders, mwanabiolojia wa serikali ya Unguja aliyekuwa ameandika mwaka uliotangulia juu ya wadudu wanaowadhuru watu na mifugo humu. Ina njule, buku, ngawa na nguruwe mwitu. Hali Pemba, ghairi ya paa wadogo, pelele, komba na popo wake mashuhuri, ina wanyama wa mwituni wachache. Nyati hakuna kotekote, wala pofu, wala tandala. Kutokana na hayo napata hukumu ambayo nimeitetea katika mikutano mingi: kisiwani, kupe wakubwa wapevu hawana wa kuwategemea ila ng'ombe na mbuzi, na wanyama wa mwituni, ukimwacha nguruwe, sehemu yao ni kuwalea watoto. Mfugaji akiniambia kwamba kupe wanaomuulia ng'ombe wanazaliwa na msitu wa Jozani, namwomba atazame kwanza nyasi zilizo ndani ya mzingo wa kamba yake, chini ya mnazi aliomfungia ng'ombe huyo mwezi mzima, kwani jike mmoja wa kupe wa madoa aliyeanguka hapo huweza kutaga mayai yapatayo 20,000.

Fauka ya hayo, kumlea kupe si sawa na kumlea kupe mwenye maradhi. Kimelea cha ndigana kali, Theileria parva, hakipiti katika yai. Kupe wa kahawia hukipata kwa ng'ombe akiwa lava au tunutu, na hukitema katika mlo wake unaofuata, mara moja, basi. Mlo huo ukiwa juu ya ng'ombe, ng'ombe huugua. Ukiwa juu ya paa au mbwa, kimelea hufia hapo, na kupe hutoka ameshiba naye ametakasika. Mnyama yule yule anayeongeza idadi ya kupe huweza kupunguza idadi ya kupe wenye sumu, na anayehesabu kupe bila kuuliza walikula wapi juzi hajahesabu hatari.

Hata mabingwa waliteleza katika uwanja huu, tena hapa hapa pwani kwetu. Robert Koch, alipokuwa Dar es Salaam mwaka 1897, aliona katika damu ya ng'ombe vimelea vidogo mno akavidhania kuwa ni vichanga vya kimelea cha homa ya Texas, ndio ule ugonjwa wa kukojoa damu, kwa sababu ng'ombe wale walikuwa wameshikwa na maradhi mawili kwa pamoja. Mwaka 1901 ndigana kali iliingia Rhodesia pamoja na ng'ombe walioletwa kwa meli kutoka Afrika Mashariki wakashushwa Beira. Mwaka 1903 Koch akaitwa Bulawayo, na katika miaka hiyo ndipo ilipobainika kuwa huo ni ugonjwa wa peke yake, naye akauita homa ya pwani ya Afrika. Lounsbury huko Rasi na Theiler huko Transvaal ndio waliomshika kupe mwenyewe. Afrika ya Kusini ilitumia zaidi ya miaka hamsini kuuondoa.

Katika visiwa vya Ngazija nako kumetokea jambo ambalo sisi wa Unguja tungepaswa kulisoma kama barua tuliyoandikiwa wenyewe. Visiwa vile vilikuwa na kupe wa madoa na kupe wa buluu, na ng'ombe wa nyama wakawa wakiletwa kutoka Tanzania kwa njia ya bahari. Mwaka 2003 na 2004 ndigana kali ikapiga, na ng'ombe wa kienyeji, ambao miili yao haikuujua ugonjwa huo, wakafa kwa wingi. Uchunguzi uliochapishwa mwaka 2007 ukasaili kama chanzo hakikuwa ng'ombe waliochanjwa, kwani chanjo iliyobuniwa Muguga, Kenya, ni ya vimelea hai vinavyotiwa pamoja na dawa ya kuvizuia, na ng'ombe aliyechanjwa huishi salama akiwa na masalio yake ndani ya damu. Chanjo hiyo ni njema, nami ni mtetezi wake. Lakini ng'ombe mzima wa afya, mwenye cheti, akishuka gatini na kupe wa kahawia ndani ya sikio, huwa amebeba kimelea na mbebaji wake kwa safari moja, na hakuna daftari la forodha linaloonyesha hilo ikiwa aliyemkagua hakuingiza kidole sikioni.

Ndege nao wasidharauliwe. Kupe wa madoa alipelekwa Guadeloupe katika karne ya kumi na tisa pamoja na ng'ombe wa Senegal, akatulia katika visiwa vichache kwa zaidi ya miaka mia. Yangeyange alipoenea katika bahari ile, katika karne iliyopita, lava na tunutu wakapata chombo cha kusafiria, na kupe akatokea kisiwa baada ya kisiwa ambako hakuna ng'ombe aliyeletwa. Yangeyange wa huko ndiye huyu wetu afuataye ng'ombe malishoni. Kobe vilevile: mwaka 2000 Marekani ilipiga marufuku kuingiza aina tatu za kobe wa Afrika kwa sababu ya kupe waliokutwa nao.

Mtu ataniuliza, maarifa haya yote yampa nini mwenye ng'ombe wawili? Yampa kalenda. Kupe wa buluu hukaa juu ya ng'ombe majuma matatu, hivyo josho la kila juma la tatu, likifanywa kwa uaminifu, humkuta. Kupe wa kahawia mpevu hukaa juma moja hivi, kwa hiyo josho hilo hilo humpita akaja akashuka, na penye ndigana kali siku saba zenyewe ni nyingi, kwani kimelea huhitaji siku tatu au nne za kunyonya kupevuka ndani ya mate ya kupe kabla ya kumwingia ng'ombe. Tena anayemwosha ng'ombe peke yake, na mbuzi wake watano hawamo, amewaachia kupe wa madoa nyumba ya pili. Na mwenye dume wa mchezo wa ng'ombe huko Pemba, anayempeleka kijiji hiki na kijiji kile, amkague masikio na mapaja siku anayotoka na siku anayorudi.

Nimekuwa nikiwapa wafugaji vikaratasi vya kuandika mambo manne: mnyama, mahali mwilini, pahala alipofungwa, na tarehe. Wengi huandika la kwanza tu. Mwezi uliopita alikuja kwangu mzee mmoja kutoka upande wa Makunduchi, nikamwamkia, akaitikia, akatoa katika mfuko wa kanzu visanduku viwili vya kibiriti vilivyofungwa kwa uzi.

"Hiki cha ng'ombe wangu mzazi, kiweleni," akasema. "Na hiki, mwanangu, ni cha kanga wa mjukuu wangu. Wamemganda kichwani, nyuma ya macho. Nimewatenga kwa kuwa hao kanga hulala juu ya mti uliopo zizini."

Katika cha kwanza mlikuwa na dume wa rangi ya chungwa na majike mawili. Katika cha pili mlikuwa na tunutu wanne. Nikamweka mmoja chini ya kioo, nikatazama kinywa kile kirefu, nikamsogezea mzee naye atazame. Alikaa muda mrefu jicho lake liko kiooni.

"Hawa ni watoto wa wale?"

"Ni watoto wa kabila lile lile, mzee."

Akaniomba karatasi nyingine mbili. Nikaandika ya kwanza, jina na mwenyeji; ya pili aliisimamia mwenyewe, akanitajia kila kitu polepole ili nisikosee, mti, zizi, siku ya Jumatano, na umri wa kanga.